Kipunji na Wale Waliomjua Kwanza

Darasani tulikaririshwa kwamba mzungu fulani "aligundua" ziwa, na mwenzake "akagundua" mlima. Eti waliokuwa wakinywa maji ya ziwa hilo walikuwa hawajaliona! Basi sisi vijana wa Lugarawa tusidhani mambo hayo yalikwisha zamani.

Mwanzoni mwa 2003 watafiti waliokuwa Rungwe waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja kima mwenye haya aitwaye kipunji. Watafiti walisita. Wanyakyusa wana hadithi nyingi za wanyama wa msituni, wa kweli na wa kufikirika. Je, huyu alikuwa yupi? Mwaka huohuo wakamwona kwa macho yao: kima wa rangi ya kahawia, mkia mrefu, nywele zimesimama kichwani. Mwaka 2004 akaonekana pia msitu wa Ndundulu, huko Udzungwa. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa. Wazee wala hawakushangaa.

Lakini tusijisifu mno. Mwaka huohuo wa 2005 kipunji mmoja alikufa katika mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi. Mzoga ule ndio uliowawezesha wataalamu kumchunguza kwa karibu, na 2006 wakampa jenasi yake peke yake, *Rungwecebus*. Jambo kama hilo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu 1923. Kumbe tuliomjua ndio hao hao tuliokuwa tukimmaliza, kwa mitego, mbao na mkaa. Na mkulima naye tusimlaumu bure. Mahindi yakiliwa, watoto wake watakula nini?

Walipohesabiwa, matokeo yaliyotolewa 2008 yalikuwa kipunji 1,117 tu duniani kote: 1,042 Rungwe na Kitulo, na 75 Ndundulu. Kitulo ilikwishafanywa Hifadhi ya Taifa 2005; msitu wa Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia 2009. Doria zikafanyika, miti ikapandwa, wanavijiji wakaelimishwa. Hesabu ya baadaye ilionyesha wameongezeka.

Safu ya Livingstone anakoishi kipunji ndiyo hiyo hiyo inayofika huku kwetu Ludewa. Vijana wenzangu, jioni ya leo mwulize babu majina ya wanyama aliowaona akiwa mdogo. Yaandike. Kisha mwulize wangapi bado wapo.