Kuta za Mafyulisi za Montreuil

Katika mji wa Montreuil, ulio mashariki ya Paris, palikuwapo zamani kazi iliyostahiwa na wakulima wa matunda wa Ulaya, nayo ni kazi ya kulea mfyulisi, ambao wengi siku hizi huuita mpichi, juu ya ukuta. Mti huu asili yake ni China, nao hupenda jua. Ilhali jua la Paris ni haba, na jalidi ya mwanzo wa machipuko huunguza maua kabla hayajafunga tunda. Basi watu wa Montreuil, tangu karne ya 17, walitwaa jasi iliyochimbwa papo hapo kwao, wakajenga kuta zilizopita kimo cha mtu na kuzipiga lipu, hata ukuta ukawa wanywa joto mchana kutwa na kulirudisha usiku, na mti ulioegemezwa hapo ukasalimika.

Lakini ukuta peke yake haukuzaa kitu. Tabia ya mfyulisi ni kwamba tunda lake hutoka katika kijiti kilichochipua mwaka uliopita, na sehemu ya kijiti iliyokwisha kuzaa haizai tena. Mti ukiachwa bila kupogolewa, vijiti vizaavyo husogea mwaka hata mwaka kwenye ncha za matawi kuifuata nuru, na ndani, kivulini, matawi hubaki matupu. Hatimaye mwenye bustani huwa na mti mkubwa wenye matunda machache, tena juu asikofikia. Kwa hiyo mpogoaji wa Montreuil, alipokishika kijiti na kisu chake chenye ncha iliyopinda, aliyatazama mambo mawili kwa pamoja: matunda ya mwaka ule, na chipukizi lililo karibu na chanzo cha kijiti, ambalo angelilea liwe mrithi, na mavuno yakiisha, kijiti cha zamani kilikatwa mpaka hapo aliposimama mrithi wake.

Shina halikuruhusiwa kupanda wima, maana utomvu hukimbilia juu na kuyanyima matawi ya chini. Lilikatwa lingali changa, yakaachwa matawi mawili yaliyotandazwa kulia na kushoto. Lililozidi nguvu liliinamishwa na lililodhoofika likainuliwa, hata yakawa sawa. Kila kijiti kilizungushiwa kipande cha kitambaa kikuukuu, kikapigiliwa msumari katika lipu, mpaka mti mzima ukalala ukutani mfano wa mifupa ya samaki, pasiwe na jani linalolitia jingine kivuli. Padri Roger Schabol, aliyeandika juu ya bustani katika karne ya 18, aliisifu sana hikima hii na kuieneza.

Katika hayo yote mimi huistahi zaidi subira yao katika kupima nafasi. Mti uliachiwa mita kadhaa za ukuta kila upande, na kwa miaka ya kwanza sehemu kubwa ya ukuta ilikaa tupu, jambo linalomwia zito kila mkulima mwenye haja ya fedha. Si kwamba miti michache ndiyo daima yenye mazao mengi. Huko Tatura, katika jimbo la Victoria nchini Australia, wataalamu wa miaka ya 1970 walibuni taratibu ya kupanda mifyulisi mita 1 tu baina ya mti na mti na mita 6 baina ya safu na safu, yaani zaidi ya miti 1,600 kwa hekta, nao wakafanikiwa, kwa kuwa kila mti ulipogolewa uwe na mikono miwili tu iliyoinamia pande mbili juu ya nyaya. Apandaye kwa kubana bila kupogoa hupata mavuno mema miaka ya awali, kisha kivuli humla.

Kuta za Montreuil zilipofikia upeo wake katika karne ya 19, jumla ya urefu wake ilikadiriwa kuwa kilomita 600 hivi. Kilichoziangusha si upungufu wa maarifa: reli ilileta Paris mafyulisi ya kusini, yaliyoiva mapema bila gharama ya ukuta, na mji nao ukaja kuzimeza bustani. Mwaka 2003 hekta 8.5 kati ya bustani zilizosalia ziliwekwa chini ya hifadhi ya serikali ya Ufaransa.