Yule mwenye kukawia iko na akili yake

Wale wenye walisoma agronomia wanakumbuka ule mchoro: mstari unapanda na kushuka kama mlima, watu wamegawanywa mafungu 5. Wenye kuanzisha jambo jipya 2,5%, wenye kufuata mapema 13,5%, wengi wa mbele 34%, wengi wa nyuma 34%, wenye kukawia 16%. Tuliukamata kichwani juu ya mtihani. Lakini ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye mashamba ya mahindi ya Iowa, Marekani. Mwaka 1943, Bryce Ryan na Neal Gross walitoa uchunguzi wao juu ya wakulima 259. Waliwauliza: mbegu ya hibridi ulisikia lini, ulianza kuipanda lini? Mbegu ile ilizaa zaidi, lakini kubakisha ya msimu ujao haikufaa. Kila mwaka lazima kununua. Kati ya 1928 na 1941 wote waliipokea, isipokuwa 2. Tena si mara moja: toka kusikia mpaka kupanda, karibu miaka 9. Muuza mbegu ndiye alileta habari. Jirani ndiye alisadikisha.

Everett Rogers, mtoto wa mkulima wa Iowa ile ile, alikusanya kazi hiyo na zingine nyingi, akatoa kitabu Diffusion of Innovations mwaka 1962. Kumbe baba yake mwenyewe alikuwa kati ya wenye kukataa! Mashine mpya alizipenda, lakini hibridi, hapana. Mpaka ukavu wa 1936: mahindi yake yakakauka, ya jirani yakasimama.

Sasa mimi. Katika kazi yangu ya kwanza tuligawa miti ya mihogo yenye kuvumilia ugonjwa wa mozaiki. Mama mumoja mzee alikataa. Kwenye raporti niliandika: mwenye kukawia. Siku ingine nilipita kwake, tukaongea. Akaniambia: «Mwana wangu, hili shamba ninakodi msimu kwa msimu. Mihogo yenu inakaa mwaka mzima ndani ya udongo. Mwenye shamba akinitosha katikati, watoto watakula nini?» Akaendelea kupanda maharagi yake.

Nilisikia haya. Hakukosa akili, alikosa udongo. Na Rogers mwenyewe, baadaye, alikubali ile kasoro: tunafikiri kila kitu kipya ni kizuri, na mtu akikikataa tunamutupia kosa yeye, hatuangalii mambo yenye kumufunga.

Sisemi tutupe mchoro. Unatuonyesha nani alikawia, na nguvu ya jirani ni ya kweli hata kwetu. Lakini juu ya nini alikawia, hauwezi kutuambia. Ile, tunapaswa kuikalia chini na kumuuliza yeye.

Na ninyi, kwenye ma raporti yenu, ni nani mulimuandika vibaya?