Kasha la sauti lisilohitaji umeme

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, karibu na Mbarara nchini Uganda, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, ikapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Wakongo, Warundi na Wasomali walikuja katika miongo iliyofuata. Redio ya serikali ya Uganda ilikuwa hewani tangu 1954, na hadi stesheni za FM za binafsi zilipoanza Kampala mwaka 1993, ndiyo iliyotawala masikio ya nchi, Mbarara ikiwemo.

Redio haikuwa chanzo pekee cha sauti; kulikuwa na santuri pia. Kwa santuri iliyounganishwa na amplifaya, fundi hakuweza kukwepa kifaa kingine cha umeme. Sindano za sumaku hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo sauti ilipaswa kukuzwa kwanza, ndipo ifike kwenye amplifaya.

Mwaka 1982 mambo yalibadilika. Mashine za CD zilizoingia sokoni zilitoa takriban volti 2, ilhali amplifaya nyingi hutosheka na chini ya hapo. Kazi iliyobaki ikawa kupunguza sauti, si kuikuza.

Hapo ndipo kifaa rahisi kinapopata nafasi: kasha la chuma, swichi ya kuchagua chanzo na potenshiometa (kirekebisha sauti) pacha ya kilo-omu 10, upande mmoja kwa kila spika. Hakina betri wala transista. Nyaya za kwenda kwenye amplifaya ziwe fupi, la sivyo sauti nyembamba za juu hufifia.

Kwa nyumba ya Nakivale inayotegemea sola, faida ni dhahiri: simu na redio hushiriki amplifaya moja, na kasha lenyewe halili chaji hata kidogo.