Tikisa Chupa Kwanza: Historia ya Chembe Zinazosukumana

Hebu chukua chupa ya dawa ya maji iliyokaa kabatini kwa wiki moja, zile dawa nzito zenye unga ndani. Iinue kwenye mwanga. Juu utaona maji yaliyotakata, chini mashapo. Ukimpa mtoto kijiko bila kutikisa, leo anakunywa maji matamu tu, na siku ya mwisho anakunywa dawa kupita kiasi. Chupa ni ileile, ugonjwa uleule, lakini dozi mbili tofauti kabisa.

Sasa jiulize: kwa nini mashapo mengine ukiyatikisa yanatawanyika mara moja, na mengine yanashikana chini kama saruji? Jibu lilichukua zaidi ya miaka 100 kupatikana. Na lilipofika mikononi mwa wafamasia, ilibidi waligeuze kichwa chini miguu juu.

Tuanzie London, mwaka 1857. Michael Faraday alitengeneza maji mekundu kama rubi yenye chembe ndogo mno za dhahabu. Chembe hizo hazikuzama. Lakini alipotia chumvi kidogo, rangi iligeuka bluu: chembe zilikuwa zimeanza kukusanyana. Kumbe kulikuwa na kitu kinachozitenganisha, na chumvi ilikuwa inakiondoa!

Baadaye Hans Schulze (1882) na William Hardy (1900) walionyesha kwamba si kila chumvi ina nguvu sawa. Kinachoamua ni ioni yenye chaji kinyume na ile ya chembe. Ioni yenye chaji tatu hukusanya chembe kwa kiasi kidogo sana, mara mamia pungufu ya kile kinachohitajika kwa ioni yenye chaji moja. Basi siri ilikuwa umeme. Kila chembe imebeba chaji, na zenye chaji sawa husukumana. Ioni kinyume huzizunguka chembe na kuufifisha msukumo huo.

Lakini kama zinasukumana, ni nini kinachozivuta pamoja msukumo ukipungua? Ni nguvu za van der Waals, mvuto dhaifu uliopo kati ya vitu vyote vinapokaribiana sana. Mwaka 1937, H. C. Hamaker, mtafiti wa Philips huko Uholanzi, alikokotoa jinsi mvuto huo unavyofanya kazi kati ya chembe mbili.

Kilichobaki ni kujumlisha mvuto na msukumo. Boris Derjaguin na Lev Landau walifanya hivyo katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1941. Evert Verwey na Theodoor Overbeek, nao wa Philips, walifikia jibu lilelile bila kutegemea kazi ya Wasovieti, wakati nchi yao iko chini ya Wajerumani. Kitabu chao kilitoka mwaka 1948. Leo nadharia hiyo inaitwa DLVO, herufi za kwanza za majina yao wanne.

Fundisho lake lilikuwa rahisi: ongeza msukumo, mchanganyiko utatulia. Vizuri, si ndiyo?

Kwa chembe ndogo kama za Faraday, ndiyo. Ila chembe za dawa ni kubwa zaidi, na lazima zizame tu. Zikisukumana sana, kila moja inashuka peke yake, polepole, na ikifika chini inateleza na kujipanga katikati ya wenzake bila kuacha nafasi. Uzito wa zilizo juu unazikandamiza hadi zinavuka ule msukumo na kunasana. Hapo ndipo saruji inapozaliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa famasia Marekani, akiwemo Alfred Martin, walijaribu njia ya kinyume. Walichukua unga wa dawa ya salfa wenye chaji hasi, wakatia kloridi ya alumini, ambayo ioni yake ina chaji tatu. Msukumo ulipopungua, chembe zilishikana kwa ulegevu na kuwa vishada vyepesi kama pamba. Vishada vilizama haraka, lakini mashapo yake yalikuwa manene na yamejaa maji, na mtikiso mdogo uliyarudisha juu. Walipozidisha alumini, chembe zilipata chaji chanya, zikaanza tena kusukumana, na saruji ikarudi.

Unaona mgeuko ulipo? Kile ambacho Faraday angekiona kama kuharibika, mfamasia anakitengeneza kwa makusudi, kwa kipimo. Kwake yeye, dawa nzuri ni ile inayokubali kutikiswa, hata kama inazama.

Kwa hiyo usiogope ukikuta dawa imetengana. Tikisa vizuri, kisha geuza chupa uangalie kitako. Kama unga umegoma kubanduka, usikisie dozi: irudishe kwa mfamasia.