Githongo: siku mbili kwa Wameru

Githongo iko Imenti ya Kati, kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Ukitoka Meru mjini unapanda matatu, na ukikaribia unaona mashamba ya majani chai pande zote. Beba sweta, baridi ya huko haina mchezo.

Chakula ni mukimo: ndizi mbichi, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja. Mimi wa wali wa nazi nilianza kwa kusitasita, lakini sahani ya pili niliiomba mwenyewe.

Mjini Meru, usikose makumbusho yaliyofunguliwa 1974 katika iliyokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni.

Wameru husimulia kwamba wazee wao walitoka Mbwaa, kisiwa cha Pwani, wakiwakimbia Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu, waliowafanya watumwa. Wako wanahistoria wanaosema Mbwaa ni Manda, hapo Lamu.

Sisi Wapwani hupenda kusema "hawa watu wa bara". Kwa Wameru, mimi nimeanza kusita kulisema neno hilo.