Baunsa (Tanzania)

Baunsa (wingi: *mabaunsa*) ni mlinzi wa mlangoni katika baa, klabu ya usiku, ukumbi wa sherehe au tamasha. Hukagua wanaoingia, hutuliza ugomvi na kuwatoa nje wanaovuruga utulivu. Ni tawi la ulinzi binafsi, sekta iliyokua nchini tangu miaka ya 1980 baada ya kulegezwa kwa masharti ya biashara.

Kampuni ya ulinzi husajiliwa kama kampuni nyingine na hufanya kazi chini ya usimamizi wa Jeshi la Polisi. Waajiri wengi huwataka waombaji wawe wamepitia mgambo au Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa mwaka 1963, na wawe na wadhamini. Mafunzo ya mgambo hujumuisha kwata, ukakamavu na matumizi ya silaha. SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, lina kampuni yake ya ulinzi. Silaha za moto husimamiwa na sheria ya mwaka 2015.

Katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Wazo wilayani Kinondoni, na vilevile Temeke, baadhi ya mabaunsa huajiriwa moja kwa moja na wenye baa kwa makubaliano ya mdomo.

Kwa kulinganisha na nchi nyingine, Kenya ilitunga sheria mahususi ya ulinzi binafsi mwaka 2016, inayodai mlinzi afunzwe na kusajiliwa. Uingereza, chini ya sheria ya 2001, humpa baunsa leseni ya miaka 3 baada ya mafunzo na uchunguzi wa rekodi za jinai.