Trafiki Wafika Mpanda

Kwa miaka mingi, msafiri wa Mpanda aliitegemea treni. Reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa zama za Mwingereza kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, ndiyo iliyobeba watu na mizigo. Barabara zilikuwa za vumbi, na masika zilikuwa tope. Kwenye njia kama hiyo, dereva alihofia zaidi kukwama kuliko kupigwa tochi ya kupima mwendo.

Sheria ilikuwepo: Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973. Lakini sheria ya mwendo huhitaji kwanza barabara inayoruhusu mwendo.

Katavi, iliko Mpanda, ikawa mkoa mwaka 2012, ikimegwa kutoka Rukwa. Mei 2022, Rais Samia Suluhu Hassan akafungua lami ya Tabora–Koga–Mpanda, takribani kilomita 340. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu tena mabasi kusafiri usiku.

Hapo ndipo sare nyeupe ya trafiki ilipopata uzito. Kwenye makazi, mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na madereva wa Tanzania nzima huonyana kwa kuwashiana taa wakimwona askari. Wengi humwona kama mkusanya faini, na lawama za rushwa zimewaandama trafiki nchini kwa muda mrefu. Hata hivyo abiria wa basi linalokimbia kupita kiasi huomba trafiki atokee mbele.

Abiria, dereva wako akizidisha mwendo, usinyamaze: mwambie apunguze, na ukimkuta trafiki, mweleze.